Mama Saba, Wifi Yake na Namba Isiyotikisika

Saa moja na robo asubuhi, Mama Saba ameshapiga magoti kando ya tangi la kwanza. Kofia ngumu ameisukuma nyuma, glavu zinamfika viwikoni, na miwani ya kinga imeingia ukungu. Anashika bomba la plastiki lenye urefu wa mkono mzima, analizungusha kidogo, analivuta juu taratibu. Mwishoni mwake kuna kitone cha kioo kisichozidi ukubwa wa zabibu, kimefunikwa na utando wa buluu.

"Umemwona?" anasema, akikinyanyua kwenye mwanga. "Huyu ndiye bosi wa kiwanda kizima. Meneja anadhani ni yeye, na sisi tunamwacha adhani hivyo hivyo."

Kitone hicho ni kichwa cha sensa ya pH, kifaa kinachopima ukali wa maji. Chini ya saba, maji yana tindikali, kama ya ndimu. Juu ya saba yana magadi, kama ya sabuni. Saba yenyewe ni katikati, na ndiyo iliyompa fundi huyu jina. Kwa miaka kumi na tisa, kila akiingia kwenye chumba cha skrini salamu yake imekuwa moja: "Saba?" Wageni wakisikia jina hilo humpa pole kwa kulea watoto saba. Anaye mmoja tu, binti wa sekondari, lakini pole huwa anaipokea.

Kiwanda hiki hutia rangi vitambaa. Maji yanayotoka kwenye mashine yana magadi ya kuweza kumchubua mtu ngozi, na kabla ya kuachiwa kwenye mfereji unaopita kando ya bustani za mboga za majirani, lazima yatiwe tindikali kidogo kidogo ndani ya matangi manne mpaka yasawazike. Kila tangi lina sensa na pampu yake ya tindikali, na pampu haina akili yake. Inafuata namba inayoletwa na sensa. Sensa ikidanganya, pampu nayo inadanganyika.

Mama Saba anakisuuza kioo, anausugua utando kwa brashi laini na tindikali hafifu, anakisuuza tena. Mbele yake amepanga vikombe vitatu vya maji ya kipimo, ambayo ukali wake unajulikana tangu kiwandani yalikotengenezwa: mekundu ya nne, ya njano ya saba, ya buluu ya kumi. Sensa inachovywa kwenye kikombe kimoja baada ya kingine, na ikikosea inasahihishwa kwa vitufe vya kisanduku kilichofungwa ukutani. Leo, kwenye kikombe cha saba, imesema saba nukta mbili.

"Imeanza kupiga chuku," anasema, na kuisahihisha.

Kila inapotoka kwenye maji anachukua karatasi laini na kuigusisha kwenye kioo, mara moja, kama mtu anayemkausha mtoto chozi. Haifuti. Mwandishi wetu anauliza kwa nini haifuti.

"Hilo nitakwambia baadaye," anajibu bila kuinua uso. "Hapo ndipo ilipo dhambi yangu."

Anairudisha sensa tangini, na namba kwenye kisanduku inaanza kucheza: saba nukta nne, saba nukta tano, saba nukta tatu. Anatabasamu. "Maji ya tangini hayatulii, kwa hiyo namba yake lazima itetemeke. Ukiona imetulia tuli, usifurahi, kimbia ukaangalie. Waya umeingia maji, au sensa imekufa. Na sensa ikifa, unajua mara nyingi husema ngapi?"

Anasubiri kidogo, kwa sababu anajua swali ni zuri.

"Saba. Namba nzuri kuliko zote, na ndiyo hiyo hiyo ya maiti."

Anapoinuka, mkono unamwenda kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli. Mfuko umetuna. Ndani yake kuna fomu iliyokunjwa mara nne, ya kuombea mtihani wa cheti cha ufundi wa vipimo. Ameshaijaza kila mahali isipokuwa sehemu moja, ya maoni na sahihi ya msimamizi wake wa kazi. Amekaa nayo wiki tatu. Mwisho wa kuipokea ni leo, saa kumi jioni, katika ofisi ya utumishi iliyo upande wa pili wa uwanja. Asiyeiwasilisha atasubiri miaka miwili.

Msimamizi wake yuko hatua thelathini kutoka hapa, kwenye ofisi yenye dirisha la kioo. Si mkali wala hana shughuli nyingi. Ila ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye Mama Saba ndiye aliyemfundisha kazi kwa mikono yake mwenyewe.

"Andika," anasema Mama Saba, akiliangalia dirisha lile. "Andika nina wivu. Usiandike eti 'alijisikia vibaya kidogo'. Nina wivu mpaka chakula hakishuki. Watu wakikuhoji kwenye magazeti wote wanakuwa malaika, mimi siwezi."

* * *

Wifi huyo aliingia kiwandani miaka mitano iliyopita, baada ya duka alilokuwa akiuza kufungwa. Mume wa Mama Saba, ambaye ni seremala, alimwomba mkewe amtafutie dada yake chochote.

"Nikaenda kwa meneja, nikamsifia kama mtu anayeuza ng'ombe," anakumbuka Mama Saba. "Mchapakazi, mwaminifu, haumwi hata mafua. Nilimleta mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu."

Alianza kwa kufagia. Baada ya miezi michache Mama Saba, aliyekuwa ameelemewa na sensa ishirini na sita za kiwanda kizima, aliomba apewe wifi yake kama msaidizi. Mafundi wakambatiza jina la Fundi Mdogo. Na Fundi Mdogo, kwa maelezo ya kila aliyeulizwa, alikuwa na kichwa. Jambo aliambiwa mara moja tu. Hesabu ambazo Mama Saba alizipiga kwa kalamu na vidole, yeye alizipiga akitembea.

Mwaka wa pili akajiandikisha chuoni, masomo ya Jumamosi. Zamu zake za Jumamosi alizibeba Mama Saba, wiki baada ya wiki, kwa miezi kumi na minane.

"Nilizibeba kwa roho nyeupe," anasema, kisha anajisahihisha. "Mwezi wa kwanza, roho nyeupe. Iliyobaki nilijikaza kisabuni."

Fundi Mdogo alifaulu kwa alama themanini na moja. Namba hiyo Mama Saba anaitaja haraka, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. Mama mkwe alikiweka cheti kwenye fremu na kukitundika sebuleni, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa. Kila Jumapili Mama Saba hukaa kwenye kochi linalokitazama.

"Mama mkwe ananiambia, 'Mwanangu, umeona mwenzio?' Nimeona, mama. Nimeona kila Jumapili. Hata televisheni ikiwaka macho yananipanda juu."

Lakini kilichomchoma zaidi hakikutoka kwa mama mkwe. Binti yake anapenda kemia. Jioni moja alirudi na swali la mazoezi kuhusu tindikali na magadi, swali ambalo mama yake angelijibu akiwa usingizini. Binti alipita jikoni, akamsalimia mama yake, akachukua daftari na kwenda nyumba ya tatu kwa shangazi.

"Nikamwita, 'We! Unakwenda wapi na mimi nipo?' Akanijibu kwa upole kabisa, wala hakuwa na nia mbaya. 'Mama, wewe unajua kufanya. Shangazi anajua kueleza.'" Mama Saba anavua miwani na kuifuta, ingawa haina ukungu tena. "Siku hiyo niliosha vyombo vyote vya jikoni, hata vilivyokuwa safi."

* * *

Hapo ndipo anapotimiza ahadi yake na kueleza kuhusu karatasi.

Kioo cha sensa kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hubeba umeme mdogo, kama kitana cha plastiki kinavyovuta vipande vya karatasi. Umeme huo huitia sensa wazimu. Namba hupanda na kushuka, huchelewa kutulia, na fundi mwenye haraka huisahihisha kwa namba ya uongo. Ndiyo maana kioo huguswa tu, hakifutwi.

Mama Saba alilijua hilo kutoka kwa mzee aliyemfundisha, ambaye sasa amestaafu. Na wiki ya kwanza kabisa ambayo wifi yake alikabidhiwa sensa, alimwona akikifuta kioo kwa kitambaa safi, kwa bidii, kama anayeng'arisha glasi ya mgeni.

"Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga."

Kwa nini?

"Kwa sababu asubuhi ile meneja alikuwa ameniuliza, 'Hivi wewe umemshinda nini huyu wifi yako?' Alikuwa anatania. Mimi nikajiambia, basi, kimoja kibaki changu. Nitamwambia kesho." Anacheka bila furaha. "Kesho hiyo ilichukua miaka minne."

Chuoni nako hakuambiwa. Fundi Mdogo mwenyewe anasema chuo kilikuwa na sensa moja kwa wanafunzi arobaini. "Tuliitazama kwa zamu," anasema.

Matokeo yake yalikuwa yale ambayo Mama Saba aliyatarajia, na hakatai kwamba yalimpendeza. Sensa zilizosahihishwa na wifi yake ziliyumba. Za Mama Saba zilitulia upesi kwenye vikombe na kusema kweli. Mafundi wakaanza kusema Mama Saba ana mkono, kwamba sensa zinamsikia yeye tu. Mpaka meneja akawa anamwita kwa jina hilo, Mwenye Mkono, na yeye aliitika.

* * *

Mwaka jana mzee yule alipostaafu, nafasi ya msimamizi wa vipimo ikabaki wazi. Ni nafasi moja, yenye ofisi, dirisha, na mshahara unaoupita wa fundi kwa theluthi moja. Mama Saba, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameongezewa mshahara mara nne, alikuwa na uzoefu. Fundi Mdogo alikuwa na cheti. Meneja hakutaka lawama ya upande wowote, akatoa mtihani wa vitendo: kwa miezi mitatu, Mama Saba atunze tangi la kwanza na la pili, Fundi Mdogo la tatu na la nne. Kila asubuhi maabara ipime maji ya matangi yote na kulinganisha na namba za sensa. Atakayekaribiana zaidi na maabara ndiye atakayepewa funguo za ofisi.

Miezi miwili Mama Saba aliongoza kwa mbali. Matokeo yalibandikwa kwenye ubao kila Ijumaa, na kila Ijumaa alikuwa na sababu ya kupita hapo mara tatu.

"Namwona wifi anasimama mbele ya ule ubao, ameshika kiuno, anawaza amekosea wapi. Mimi najua amekosea wapi. Napita nyuma yake nasema, 'Pole, wifi, utazoea.'" Anaelekeza kidole kwenye daftari la mwandishi. "Maneno haya unaweza kuyaandika. Wifi anayajua."

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Mama Saba alikuwa akisahihisha sensa ya tangi la pili. Kazi ilikuwa imekwisha. Sensa ilikuwa kwenye kikombe cha njano, cha saba, kwa uhakiki wa mwisho, na kisanduku alishakirudisha kwenye hali ya kawaida, kikawa kinapeleka namba moja kwa moja kwenye skrini na kwa pampu. Kilichobaki ni kuinyanyua sensa na kuirudisha tangini. Kazi ya sekunde kumi.

Ndipo akasikia kicheko cha meneja kutoka kwenye chumba cha skrini.

"Meneja hacheki. Mimi nimemsikia akicheka labda mara mbili. Nikasogea mlangoni." Mlango ulikuwa wazi kidogo. Meneja alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha wifi yake, akitazama jedwali ambalo wifi huyo alikuwa amelitengeneza kwenye kompyuta. "Nikamsikia kwa masikio yangu. 'Fundi Mdogo, mngekuwa wawili kama wewe, mimi ningefunga ofisi nikalale.' Wawili kama yeye! Na mimi niko nje ya mlango, nimelowa mpaka soksi."

Hakurudi kwenye tangi. Alikwenda kwenye banda la chai, akakaa peke yake kwenye benchi la mwisho, akajimiminia kikombe ambacho hakukinywa. Kichwani alikuwa akijibizana na meneja, na kwenye majibizano hayo alikuwa anashinda.

Huku nyuma, sensa ya tangi la pili ilikuwa imetulia kwenye kikombe cha njano, ikitangaza saba kamili. Pampu ikaona saba, ikaacha kumwaga tindikali. Maji ya magadi yakaendelea kuingia tangini na kutoka upande wa pili, makali vile vile yalivyoingia, kuelekea kwenye bwawa la mwisho kabla ya mfereji.

Kwenye skrini mstari wa tangi la pili ulinyooka. Kila aliyeupita aliusifu. Mmoja wa waendesha mashine alisema, "Mwenye Mkono leo kapania."

Ni Fundi Mdogo aliyeutazama mara mbili. "Mistari mingine yote ilikuwa inatetemeka, ule umelala," anaeleza. "Nikakumbuka alichoniambia wifi siku ya kwanza kabisa: namba isiyotikisika, usiiamini, kimbia."

Alikimbia. Kwanza alikwenda kufunga lango la bwawa kwa gurudumu la chuma ambalo kwa kawaida hufungwa na watu wawili. Kisha akaenda tangi la pili, akaikuta sensa kikombeni, akairudisha. Namba ikaruka kutoka saba hadi kumi na moja. Zilikuwa zimepita dakika arobaini. Hakuna tone lililofika mferejini, lakini mashine zilisimamishwa nusu siku, na bwawa lilichukua siku mbili kusawazishwa.

Halafu akaenda kwenye banda la chai.

"Alikuja mikono imechubuka kwa lile gurudumu," anasema Mama Saba. "Nikajua kuna jambo. Hakunigombeza. Alikaa, akasema, 'Wifi, sensa yako ilikuwa kwenye kikombe. Nimefunga lango. Sijamwambia mtu.' Akaweka kitabu cha zamu mbele yangu, na kalamu juu yake. Akaondoka."

Kitabu hicho bado kipo, na mwandishi wetu ameoneshwa ukurasa wenyewe. Mstari wa kwanza una maneno matatu yaliyokatwa kwa kalamu: Hitilafu ya waya.

"Nani angejua?" anauliza Mama Saba. "Waya ukiingia maji unaonesha saba vile vile. Wifi kanyamaza. Nafasi ilikuwa yangu, zimebaki wiki tatu tu. Nikaandika. Halafu nikaziona alama za vidole vyake kwenye jalada la kitabu. Damu kidogo na kutu. Mkono ukagoma."

Chini ya maneno yaliyokatwa, kwa herufi kubwa kuliko kawaida, imeandikwa: Nilisahau sensa kwenye kikombe cha saba. Dakika arobaini. Kosa ni langu. Aliyegundua ni fundi wa tangi la tatu.

Alipeleka kitabu kwa meneja mwenyewe. Akitoka hapo, bado ana hasira asizojua za nani, alimkuta wifi yake akisahihisha sensa na kukifuta kioo kwa kitambaa kile kile safi.

"Nikamwambia, 'Na acha kukifuta hicho kioo! Kigusishe karatasi tu. Ukikisugua kinashika umeme, ndiyo maana zako zinayumba.' Akaniangalia. Akasema, 'Umelijua hilo tangu lini?' Nikasema, 'Tangu wiki yako ya kwanza.'"

Fundi Mdogo, alipoulizwa kuhusu dakika hiyo, aliiweka kalamu mezani.

"Watu wanadhani mwenye wivu ni yeye peke yake," alisema. "Mimi nilimwonea wivu miaka minne. Nilikuwa namwangalia anashika sensa, inatulia. Mimi nashika, inayumba. Nilifika mahali nikaamini nina mkono mbaya, kwamba kuna watu wamezaliwa na hii kazi na mimi si mmoja wao. Nimelia kwenye choo cha kiwanda hiki, siyo mara moja. Kumbe ni kitambaa."

Kwa siku tisa hakumwita wifi. Alimwita Mama Saba, kama watu wengine wote, kwa adabu zote, na Mama Saba anasema hajawahi kulichukia jina lake kama siku hizo. Siku ya kumi, wakiwa karakana, Fundi Mdogo alinyoosha mkono bila kugeuka na kusema, "Wifi, nipe hiyo karatasi laini." Akapewa.

Mwisho wa mwezi, sensa za tangi la tatu na la nne zilikuwa zinalingana kabisa na maabara, na zile dakika arobaini zilikuwa zimemtoa Mama Saba mbele. Nafasi akapewa Fundi Mdogo. Jina hilo halikubadilika, na wageni hushangaa kusikia kwamba mkubwa wa idara anaitwa Mdogo.

* * *

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mwaka ujao kiwanda kitafungua jengo la pili, lililoanza kuezekwa ng'ambo ya uwanja. Nalo litahitaji msimamizi wa vipimo, na safari hii tangazo limeandika wazi kwamba mwombaji lazima awe na cheti. Ndiyo maana ya fomu.

"Sitaki kumpita wifi," anasema Mama Saba. "Nataka tuwe sawa. Yeye jengo lake, mimi jengo langu." Anafikiri. "Haya, nataka kumpita kidogo."

Nyumbani kuna mabadiliko. Binti yake alipoiona fomu, alitoa vitabu vyake vya kemia na kuvipanga mezani, akamwambia mama yake kwamba masomo yanaanza saa kumi na mbili jioni na asichelewe. Wameshafanya sura tatu. Binti anaeleza, mama anamwambia jambo lile likiwa tangini linanukaje. Shangazi hajashirikishwa, kwa ombi maalumu la mama.

Saa sita inapita, saa saba, saa nane. Mama Saba anabadilisha waya ulioingia unyevu kwenye tangi la nne, anaongeza maji ya chumvi kwenye vifuniko vya sensa za akiba ili vioo visikauke, anaandika kitabu cha zamu. Mara mbili anaelekea kwenye ofisi yenye dirisha, mara mbili anakumbuka shughuli nyingine. Mara ya pili shughuli yenyewe ni kufagia karakana, ambayo ilishafagiliwa asubuhi.

"Siwezi," anasema saa tisa na dakika kumi. "Nimwambie nini? 'Wifi, niliyekuficha kazi miaka minne, naomba uniandikie maneno mazuri'? Na akiandika, nitakuwa na deni lake mpaka kaburini. Na asipoandika, ana haki. Yote mawili yananichoma."

Saa tisa na dakika ishirini na tano anavua glavu, ananawa mikono hadi viwikoni, na kuingia bila kubisha hodi.

Ofisi ni ndogo. Kuna meza, kabati la chuma, kalenda, na rafu ya chupa za maji ya kipimo, nyekundu, njano na buluu. Fundi Mdogo anainua uso.

"Karibu, wifi. Tangi la nne vipi?"

"Linatetemeka vizuri." Mama Saba anaitoa fomu, anaikunjua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kuiweka mezani. Imechakaa kwenye mikunjo mpaka inakaribia kuachana.

Fundi Mdogo anaitazama tarehe. "Hii si ya wiki tatu zilizopita? Na mwisho si leo? Ulikuwa wapi nayo?"

"Mfukoni."

"Kwa nini?"

"Wivu," anasema Mama Saba. "Na aibu. Lakini zaidi wivu."

Fundi Mdogo anaichukua kalamu. Anasoma kwa sauti: "'Mwombaji amefanya kazi chini yako kwa muda gani?' Niandike nini hapa?"

"Si miezi mitano? Andika mitano."

Anaandika. Anaandika muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji, mpaka Mama Saba anaanza kuhama mguu mmoja kwenda mwingine. Kisha anatia sahihi, anapiga mhuri, na kuigeuza fomu upande wa wifi yake.

Mama Saba anavaa miwani ya kusomea. Maneno yamejaa nafasi yote na kupanda pembeni: Miezi mitano. Kabla ya hapo mimi nilifanya kazi chini yake kwa miaka minne. Alinifundisha yote ninayoyajua.

Anayasoma mara mbili. Kidole kinabaki kwenye neno moja.

"Yote?" anauliza.

"Yote," anasema Fundi Mdogo, akifunika kalamu. "Moja lilichelewa tu. Nenda, wifi, wanafunga saa kumi."

Nje, kwenye jua la uwanjani, Mama Saba anatembea haraka kuelekea ofisi ya utumishi, fomu ameishika mbele yake kwa mikono miwili kama sinia. Macho yamemlowa na hayafuti. Katikati ya uwanja anamgeukia mwandishi wetu aliyeachwa nyuma.

"Umemwona?" anasema. "Umemwona huyu mwanamke? Hata kusamehe kanizidi!"

Anaanza kukimbia.

"Cheti chake ni themanini na moja. Sasa themanini na mbili," anapiga kelele bila kugeuka, "lazima niipate."